Anwani Mpya Juu ya Bahasha

11 Januari

Mjomba Muhuri,

Shikamoo. Ukishaitikia kaa kwenye kiti, maana leo nina majigambo na sitaki uanguke.

Kwanza ya nyumbani. Goti la Mama limetulia, ingawa bado analitukana kila akishuka ngazi. Anasema mdogo wake amekuwa mchoyo wa habari siku hizi, na anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula, kwa hiyo usije ukaniaibisha. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Juzi ukuta ulipakwa rangi ya maji ya bahari, basi nimepata mandhari bure.

Sasa kazi. Ulitaka nikueleze kwa lugha ya mtu aliyepanga barua posta miaka thelathini na moja. Haya. Ofisi yetu inatunza orodha ya miongozo ya wakunga kwenye mtandao: namna ya kuzuia damu baada ya kujifungua, vipimo vya dawa, mtoto akizaliwa hapumui ufanye nini. Mkunga aliye kliniki ya mbali anafungua orodha yetu kwenye simu, anagusa jina la mwongozo, mwongozo unafunguka. Ipo 4,112, na kila mmoja una anwani yake kama nyumba. Yenyewe haikai kwetu, inakaa kwa wenyewe, yaani vyuo na hospitali. Zamani wote walipanga kwenye kompyuta moja kuukuu. Mwaka jana wakahama, kila mtu na njia yake, na ile kuukuu ikabaki mlangoni kama bawabu: hayupo hapa, nenda kule. Tarehe 30 Aprili bawabu anazimwa. Anwani ambayo itakuwa bado ni ya zamani siku hiyo itakufa, na mkunga atagusa jina asione kitu.

Mimi nimepewa miezi minne ya majaribio, na jukumu langu ni hilo tu: orodha nzima iwe na anwani mpya kabla ya siku hiyo. Nikifaulu naajiriwa.

Na nimeshamaliza! Siku tatu tu, Mjomba. Nimeandika programu inayobisha hodi kwenye kila anwani ya zamani, inafuata maelekezo yenyewe bila kuniuliza, na pale inapoishia ndipo ninapoandika kwenye orodha. Zote 4,112 zimejibu 200, ambayo kwa kompyuta maana yake ni "sawa, karibu". Bosi wetu tunamwita Miwani, kwa sababu anazo tatu na hajui hata moja iko wapi. Alinitikisia kichwa. Wenzangu wanasema hajawahi kumtikisia mtu kichwa.

Niandikie, tena uandike marefu.

Mpwa wako,
Mama Maswali

*

3 Februari

Mama Maswali wangu,

Marahaba. Nimeitikia nikiwa nimekaa kama ulivyoagiza, na hongera nimezitoa nikiwa nimesimama.

Mwambie dada yangu nakula. Nakula mpaka mashati yanabana, ila vifungo siku hizi havikatiki. Yule mpeleka barua wetu, Kiatu, bado anatembea kuliko mshale wa saa. Barua yako kaniletea mkononi kabla sijamaliza chai. Nimekuwa mtu wa kuamka mapema pia. Cherehani ikishaanza asubuhi, nani atalala tena?

Mimi kompyuta siijui, barua naijua. Umeandika maneno yamenikwaruza: eti hiyo programu inafuata maelekezo yenyewe bila kukuuliza. Posta tulikuwa na watu wa namna hiyo. Tuliwapenda sana, kwa sababu barua zilifika, na tuliwaogopa kwa sababu hiyo hiyo. Siongezi neno, nisije nikakutilia mchanga kitumbua chako. Wewe uliyefika mpaka ukatikisiwa kichwa na Miwani utajua la kufanya.

Kuhusu mimi usiulize mengi. Ni mzima, nina furaha, na uzee unanikawiza njiani.

Mjomba wako,
Muhuri

*

20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, goti linakusalimu. Ukuta wangu umeanza kubanduka rangi.

Kazi ipo. Miwani alichagua miongozo kumi kutoka orodha yangu mpya, akaifungua mmoja mmoja. Saba ikafunguka. Mitatu ikamwonyesha ukurasa ule ule: "Samahani, tunafanya ukarabati." Kompyuta ilijibu "sawa, karibu", kweli, lakini waliokaribishwa walikuta fundi na ndoo ya chokaa. Nikatafuta kwenye orodha nzima nikakuta mia tatu na arobaini zimeishia kwenye huo ukurasa mmoja wa samahani. Programu ilinipeleka huko kimya kimya, na mimi nikaandika huko ndiko wanakoishi. Ni kasoro ndogo, nitairekebisha. Usimwambie Mama chochote, maana hakuna cha kumwambia.

Sasa wewe. Cherehani ya nani? Nyumba yako naijua tangu nina miaka tisa: kulia ghala, kushoto ghala, nyuma uwanja. Ghala halishoni. Na vifungo vya mashati yako navijua pia. Tangu Mkazamjomba atutoke, miaka minne, sijakuona na shati lenye vifungo vyote.

Nasubiri jibu,
Mama Maswali

*

17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, goti zima, mimi nusu nzima.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua yangu ya tarehe 20 Februari. Imerudi! Iliwekwa juu ya meza yangu ofisini jana mchana. Juu yake kuna muhuri, RUDISHA KWA MTUMAJI, na chini ya muhuri kuna mwandiko wa wino mwekundu, mnyoofu kama rula, ambao si wa Kiatu: "Amehama. Mlango wa kijani, juu ya fundi cherehani." Basi. Hakuna mtaa, hakuna mji.

Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Umehama lini? Barua zangu zote zinafika, wewe unajibu, mimi nakaa nikijua yote ni sawa, kumbe Kiatu anakufuata huko ulikojificha na hakuna aliyeniambia neno! Nilitaka kuichana. Nikaigeuza tena, nikausoma ule wino mwekundu mara ya pili, na hapo Mjomba nikapiga kelele ofisi nzima ikageuka.

Programu yangu ni Kiatu.

Nikueleze. Ukibisha hodi kwenye kompyuta, jibu linakuja na sehemu mbili. Kuna ukurasa wenyewe, ambao kila mtu anauona. Na kabla ya ukurasa kuna mistari michache ambayo msomaji haonyeshwi, sisi tunaiita vichwa vya jibu. Hiyo ndiyo bahasha. Aliyehama hajibu 200, anajibu namba nyingine inayoanza na tatu, na kwenye vichwa kuna mstari unaoanza na neno Location. Mbele ya neno hilo ndipo anwani mpya ilipoandikwa. Imeandikwa wazi, tangu siku ya kwanza! Sikuiona kwa sababu programu ilikuwa ikiisoma yenyewe, inaondoka, inafuata, na kunirudishia "sawa" ya mwisho. Ilikuwa mwaminifu sana hata ikaninyima habari.

Nikaongeza mstari mmoja tu wa kuikataza. Ukiambiwa amehama, simama hapo hapo, niletee bahasha. Nikaiendesha. Vichwa vikaanza kushuka kwenye kioo kama mvua, Location, Location, Location, kila kimoja na anwani yake. Hata zile mia tatu na arobaini zilikuja kila moja na anwani yake, ukurasa wa samahani uko mbele ya hapo, nikadhani ukarabati ukiisha zitafunguka. Nilisimama juu ya kiti, Mjomba. Kiti cha ofisi, chenye magurudumu, usijaribu.

Kisha nikashuka, maana 611, nilipobisha hodi huko kwa wenyewe, zilisema wamesogea tena, na safari hii Location ilikuja nusu. Kipande tu cha njia, kile kistari cha mshazari tunachokiita mkwaju na maneno mawili, hazina jina la mahali. Nikizibishia hodi hazipo. Nikaumia kichwa saa nzima, halafu macho yakarudi kwenye bahasha yako. "Mlango wa kijani, juu ya fundi cherehani." Kwa nini huyu mwenye wino mwekundu hakuandika mtaa? Kwa sababu hakuna haja! Umehama ndani ya mtaa ule ule! Ukisimama pale ulipoambiwa, nusu inatosha. Nikaiambia programu: ukipewa nusu, iunganishe na anwani ya pale ulipobisha hodi. Zote 611 zikafunguka, sikubakiza hata moja. Miwani alisimama nyuma yangu akiwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine, na akasema, "Haya sasa."

Na mimi nitoe la moyoni. Ile "kasoro ndogo" haikuwa ndogo. Tarehe 19 Februari nilipewa barua ya onyo: nikikosea tena, majaribio yanaishia hapo. Niliandika barua yako ya tarehe 20 nikiwa nayo mfukoni, na sikusema, kwa sababu nilikuwa nimeshajigamba.

Mficha uchi hazai, Mjomba. Zamu yako. Barua hii nimeituma mtaa ule ule, mlango wa kijani. Nakumbuka mlango wa kijani mwisho wa mtaa, karibu na bomba. Ikifika, ujue hesabu yangu ni sahihi, na ujue nataka jibu.

Mpwa wako,
Mama Maswali

*

2 Aprili

Mpwa wangu,

Imefika. Kaileta msichana aliyeshika nafasi ya Kiatu wakati wa likizo, mwenye wino mwekundu. Hana masihara. Alinitazama akaniuliza, "Wewe ndiye uliyehama bila kuandikisha?" Miaka thelathini na moja nimewauliza watu swali hilo, sasa limenirudi mwenyewe mlangoni, nimevaa kandambili.

Nyani haoni kundule. Unaniuliza mimi nimeficha nini, na wewe una onyo mfukoni! Ungeniambia, ningekujibu siku hiyo hiyo. Lakini sina uso wa kukulaumu, kwa hiyo nisikilize.

Nimeoa. Tarehe 6 Desemba, mashahidi wawili, mmoja wao Kiatu. Ni huyo fundi cherehani. Ni mjane, ana miaka hamsini na minane, anaimba akishona na wimbo hauendi anakotaka uende. Nilimpelekea shati moja akate kola. Nikapeleka la pili. La tatu nililikata vifungo mwenyewe kwa mkasi, akavitazama vile vifungo, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, hivi vimekatwa." Ndivyo ilivyoanza. Nyumba ile ya katikati ya maghala nimeirudisha kwa mwenyewe. Ilikuwa imebaki nyumba ya kikombe kimoja.

Dada yangu nilimwogopa kidogo. Wewe nilikuogopa sana. Mkazamjomba wako ndiye aliyekulea, na alipofariki ulikaa na mimi siku arobaini hukuniacha nile peke yangu. Nilishika kalamu mara nne nikuambie, mara nne nikaona nitakuumiza. Kiatu akasema acha, andika kama kawaida, zake nitakuletea huku, mtoto hatajua. Wazee wawili wa posta tukaona ni rahisi kudanganya bahasha kuliko kuandika sentensi moja. Nimeona aibu, na nakuomba msamaha. Simpendi yule wa kwanza pungufu. Nampenda na huyu.

Haya, tuseme kazi, maana macho yanaloa.

Umesema aliyehama anajibu namba inayoanza na tatu. Je, wote wanajibu namba moja? Nakuuliza kwa sababu sisi tulikuwa na mihuri miwili. Mmoja, AMEHAMA. Wa pili, YUKO KWINGINE KWA MUDA. Mwaka wangu wa pili kazini kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyelazwa hospitali wiki tatu. Mkewe akaja, akaomba barua zipelekwe wodini. Mimi kwa haraka zangu nikachukua muhuri wa kwanza, nikabadilisha na daftari la anwani. Mwalimu akapona, akarudi nyumbani, barua zake zikaendelea kwenda wodini miezi minne. Kati ya hizo ilikuwemo ya kumpandisha cheo. Alikuja kaunta hakunitukana. Alikaa tu kwenye benchi akazisoma zote, moja baada ya nyingine, mbele yangu. Nilitamani anitukane.

Tangu siku hiyo daftari nalibadilisha kwa muhuri wa kwanza peke yake. Wa pili sifuati na sibadilishi. Namwandikia mwenyewe, namuuliza: ukitoka huko, utakaa wapi? Zile zako mia tatu na arobaini za fundi na ndoo ya chokaa, hebu tazama namba zake.

Fundi wangu wa cherehani amesikia kuwa una kazi ya ofisini. Anataka kipimo cha bega.

Mjomba wako,
Muhuri

*

4 Mei

Kwa Mjomba na Mkazamjomba,

Shikamooni wote wawili.

Mkazamjomba, bega sentimita thelathini na nane, mkono hamsini na tano. Napenda mifuko. Mjomba, nilipofika pale ulipoandika "nimeoa" niliiweka barua chini, nikalia, nikamkumbuka yule aliyenilea. Kisha nikafika kwenye vifungo na mkasi nikacheka huku kamasi inatoka. Kuumia niliumia kwa kufichwa, si kwa kuoa. Mama nilimsomea mwenyewe. Alimenya viazi viwili, halafu akasema, "Afadhali." Halafu akasema, "Mjinga huyu." Jumamosi ya tarehe 16 tunakuja, yeye na goti lake, na ameshaanza kuuliza huyo wifi yake anapenda rangi gani.

Sasa sikia. Niliacha kila kitu nikatazama namba. Zile 3,772 zilijibu 301, amehama kabisa. Zile 340 zilijibu 302. Yuko kwingine kwa muda, Mjomba! Muhuri wako wa pili, uko ndani ya kompyuta, wenye namba yake! Na mimi nilikuwa nikisoma Location tu, namba siitazami. Nilikuwa nimebakiza siku mbili kuzimimina zote kwenye orodha kwa mara ya mwisho, na zile za muda zingeingia humo humo. Hilo ndilo kosa la pili ambalo onyo lilikuwa linalisubiri.

Nikafanya ulivyosema. Sikuzifuata. Nikawaandikia wenyewe, chuo kimoja cha wakunga chenye miongozo yote 340: mkimaliza ukarabati, mtakaa wapi? Wiki moja kimya. Siku ya tisa akanijibu mama mmoja wa pale, akasema wanamaliza tarehe 24, mwongozo mmoja mmoja unahamia mahali papya, na tangu waanze hakuna mtu aliyewauliza. Tarehe 25 asubuhi nikabisha hodi tena, nikasoma namba, kisha Location. 301 zote. Nikaziandika kwenye orodha.

Tarehe 30 saa tatu asubuhi tulisimama ofisi nzima. Fundi wa ile kompyuta kuukuu akapiga simu, akasema nazima. Miwani akasema zima. Sikusikia kitu, Mjomba, kompyuta ikifa haina hata kikohozi. Nikagusa mwongozo wa kwanza kwenye simu yangu. Ukafunguka. Wa pili ukafunguka. Programu ikabisha hodi kwenye zote, na safari hii nilisoma kila bahasha: 4,112, zote 200, kila moja nyumbani kwake, hakuna aliyeelekezwa popote. Watu walipiga meza kwa viganja mpaka walinzi wakapanda juu. Miwani alinipa karatasi ya ajira akitafuta kalamu, na kalamu ilikuwa sikioni kwake. Barua ya onyo alinipa pia, nimeichana mwenyewe vipande vidogo sana.

Lakini bado sijakuambia lililonimaliza. Juzi tarehe 2 ulikuja ujumbe mmoja, mmoja tu, kutoka kwa mkunga wa kliniki ambayo sijawahi kuisikia. Nakunakilia wote: "Mwongozo wa kuzuia damu, ukurasa wa sita, mmerudia mstari mmoja mara mbili. Niliusoma jana nikiwa na mama anayetokwa damu, mikono yangu yote ina kazi, sina muda wa kusoma neno mara mbili. Mama na mtoto wazima. Rekebisheni."

Hakuna neno kuhusu anwani. Aligusa jina, ukafunguka. Hakujua kama kuna kitu kilichowahi kuhama.

Miwani aliusoma kwa sauti, akaurudia. Mimi nilikwenda chooni nikalia kwa furaha, nikanawa uso, nikarudi kwenye meza yangu kuwaandikia wenye mwongozo kuhusu ule mstari.

Wenu,
Mama Maswali